Kinundu Kitazame Ukutani

Chumba cha picha katika ile kliniki hakikujengwa kiwe chumba cha picha. Kilikuwa stoo ya ndoo na mifagio, na hata baada ya kupakwa rangi na kutundikiwa pazia, tabia za stoo hazikukitoka. Mama mjamzito akiingia, aliyemo ndani ilibidi abane tumbo lake ndipo mlango ufungike. Dirisha lilizibwa kwa mbao ili kioo cha mashine kisomeke vizuri, basi mle ndani asubuhi na jioni zilikuwa kitu kimoja. Kitanda kilisukumwa mpaka kikagusa ukuta, mashine ikabanwa kwenye kona yenye soketi, na katikati pakabaki nafasi ya kiti kimoja tu. Kwenye kiti hicho ndipo alipokaa Dada wa Picha, na hapo ndipo ujana wake ulipoishia.

Jina hilo alipewa na watu wa mtaa. Kazi yake ilikuwa kuwapima wagonjwa kwa altrasaundi: anawapaka jeli ya baridi tumboni, wanashtuka, anawapa pole, kisha anapitisha juu ya ngozi kile kichwa cha mashine kinachoitwa probu na kuwaonyesha kwenye kioo yaliyomo ndani yao. Wapo watoto mtaani hapo ambao sasa wanavaa sare za shule, na mama zao wakikutana naye njiani huwaambia, "Mwamkie huyu, ndiye aliyekuona wa kwanza." Yeye huitikia, hucheka, kisha huendelea na safari yake ya kwenda kazini, safari ambayo hata kiatu hakiwahi kupata vumbi, kwa kuwa kati ya nyumba na kliniki ulikuwepo uchochoro tu.

Nyumba ilikuwa ya Mjomba. Kliniki ilikuwa ya Mjomba pia. Mama yake Dada wa Picha alipofariki, yeye akiwa bado mdogo, mjomba wake alimchukua akamlea pamoja na wanawe, na hakumbagua hata kwa kipande cha sabuni. Wanawe wakakua, wakaoa na kuolewa, wakatawanyika, yeye akabaki. Alipomaliza shule na matokeo yake yakaja yanachechemea, Mjomba hakumgombeza. Alimwambia, "Mama, njoo kliniki unisaidie." Mjomba huwaita mama mabinti wote wa ukoo, hata yule anayetambaa. Basi akaanza kwa kufagia, akapanda hadi mapokezi, na mashine ya altrasaundi ilipoletwa, Mjomba alimkalisha kwenye kile kiti, akasimama nyuma yake, akaushika mkono wake na kuuongoza juu ya tumbo la mgonjwa kama mtu anayemfundisha mtoto kuandika.

Tangu siku hiyo wakakubaliana jambo moja bila kulisema. Upande wa nyumbani wa uchochoro alimwita Mjomba. Upande wa kliniki alimwita Daktari. Hakuwahi kukosea, hata siku alipojikata kidole na chupa akapiga ukelele.

Sasa, Mjomba ana shoto. Huandika kwa mkono wa kushoto, hufungua chupa kwa kushoto, na chumba kile alikipanga kwa kuufuata mkono huo. Mgonjwa akilala, ubavu wake wa kulia ulikuwa ukutani, na mpimaji alikaa upande wa kushoto wa mgonjwa, probu ikiwa katika mkono wa kushoto na vitufe vya mashine vikibonyezwa kwa kulia. Dada wa Picha ni mtu wa kulia kwa kila jambo, kukata vitunguu, kufua, kumpungia mtu mkono. Lakini probu alijifunza kwa kushoto kwa sababu chumba hakikuwa na nafasi ya mkono mwingine, wala hakujua kama kuna mahali duniani watu hufanya vinginevyo.

Pembeni mwa probu pana kinundu kidogo, ukubwa wa punje ya harage. Kazi yake ni kuonyesha upande. Kikikaa inavyotakiwa, kulia kwa mgonjwa kunaonekana mahali pake kwenye kioo. Kikigeuzwa, picha nayo inageuka na kulia kunakuwa kushoto. Mjomba hakupenda maelezo marefu. Alimpa somo zima kwa maneno matatu: "Kinundu kitazame ukutani." Akakigeuza kitazame ukutani, na picha ikatokea sawasawa. Kila siku, kwa kila mgonjwa, kinundu kilitazama ukutani na mambo yakawa shwari.

Kilichomtesa hakikuwa kazi. Kazi aliipenda. Kilichomtesa ni wakaguzi.

Sheria ilisema wazi kwamba anayepima kwa altrasaundi awe na cheti kinachotambulika, na yeye hakuwa nacho. Majibu aliyaandika yeye, saini ikawa ya Mjomba. Kwa hiyo habari zilipofika kwamba wakaguzi wameonekana mtaani, Dada wa Picha alivua koti jeupe, akatoka kwa mlango wa nyuma, akaenda uani kuanika nguo. Nguo zenyewe zilikuwa shuka za kliniki, tena kavu. Alizianika, akazianua, akazianika upande wa pili, huku Mjomba amekalia kile kiti akijibu maswali ya wageni kwa ukarimu. Mara moja mkaguzi alichungulia dirisha la korido, akamwona na vibanio mdomoni, akauliza, "Na yule?"

"Binti yangu," alijibu Mjomba. "Ananisaidia mambo ya usafi."

Hakuwa amesema uongo, na hapo ndipo ilipouma. Dada wa Picha aliviuma vile vibanio mpaka kimoja kikavunjika. Usiku ule aliona aibu ambayo hakujua aipeleke wapi, maana wa kumpelekea ndiye aliyemsababishia, na huyo huyo ndiye aliyemlea. Hospitali nyingine yoyote isingempokea. Mashine nyingine yoyote hakuwa ameigusa. Akiondoka pale angekuwa mtu asiyejua kitu, na akibaki angekuwa mtu wa kuanika nguo kavu mpaka uzee umkute. Alijiona amefungiwa, na aliyemfungia alimletea chai kila asubuhi na kumuuliza kama amelala salama.

Akapiga moyo konde, akaomba ruhusa ya siku moja, akaenda kwenye chuo cha afya kuuliza.

Huko alipokewa na mwalimu wa altrasaundi, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni na sauti ya mtu aliyechoka kurudia maneno yale yale.

"Fizikia ulifaulu?" mwalimu aliuliza.

"Shuleni kwetu, mwalimu wa fizikia ndiye alikuwa mwalimu wa mpira. Tulifaulu mpira."

Mwalimu alitabasamu kidogo, kisha akalirudisha tabasamu lake mahali pake. "Basi ile diploma ya miaka mitatu iweke kando. Pale wanasoma picha zote, eksirei na nyinginezo, na bila fizikia na baiolojia huvuki mlango. Labda ukarudie mtihani wa sekondari. Wewe ni nesi?"

"Hapana."

"Tabibu?"

"Hapana, mwalimu."

"Nauliza kwa sababu manesi na matabibu wana kozi yao ya mwaka mmoja, wanaiongeza altrasaundi juu ya kile walichonacho. Wewe huna cha kuongezea."

Maneno hayo yalimshuka kifuani kama tonge lisilotafunwa. Akajikaza. "Nina mwenzangu tuliyesoma pamoja. Yeye alifanya kozi ya wiki sita tu, akapewa cheti chenye muhuri wa dhahabu."

"Anafanya kazi wapi sasa?"

"Anauza makava ya simu."

"Na muhuri?"

"Upo ukutani kwake. Unang'aa."

"Ndiyo utakaoupata na wewe," alisema mwalimu. "Na kabla hujaniuliza za mtandaoni, nazo zipo, na nyingine nzuri kweli. Zitakufundisha sauti inavyoingia mwilini na kurudi ikawa picha. Lakini tumbo la mtu halimo kwenye simu. Lazima upate hospitali ya kukupokea kwa mazoezi, na hospitali haikupokei bila chuo kukutuma." Akavua miwani, ikaning'inia. "Hebu niambie ukweli. Unapima?"

Dada wa Picha aliangalia mlango. Akafikiria zile shuka. "Napima," alisema. "Ndiyo kazi yangu miaka mingi sasa."

Mwalimu hakushtuka. Pengine alikuwa amewaona wengi wa namna hiyo. Alimweleza kwamba kwa watu kama yeye kulikuwa na njia moja, nyembamba: mtihani wa vitendo kwa wale ambao tayari wako kazini. Ukifaulu kumpima mgonjwa mbele ya mwalimu, unaingizwa kwenye darasa la mwaka mmoja, fizikia utafundishwa humo humo, na ukimaliza unapata cheti cha kweli na leseni. Ukishindwa, unasubiri awamu nyingine. Kilichotakiwa ni mwajiri akubali kwamba umefanya kazi kwake.

Njia nzima ya kurudi alipanga vita. Alipanga Mjomba atasema nini na yeye atajibu nini, akapanga pia mahali pa kulia. Alimkuta mezani anakula. Akasema yote kwa pumzi moja.

Mjomba alitafuna, akameza, akanywa maji. "Nenda, mama," alisema. "Kajaribu."

Basi. Hakuna vita, hakuna neno la pili. Dada wa Picha aliyekuwa amejiandaa kulia kwa hasira ikabidi alie kwa furaha, kwa kuwa machozi yalikuwa yamekwisha kupangwa. Usiku ule alimwona Mjomba kuwa mtu mwema kuliko wote waliowahi kutembea kwa miguu. Hakujiuliza kwa nini imekuwa rahisi hivyo. Na mimi ninayesimulia nisimcheke sana, maana mtu akishaona mlango umefunguka haanzi kukagua bawaba.

Siku ya mtihani ilifika. Chumba cha chuoni kilikuwa kikubwa, angavu, na kitanda kilisimama katikati kabisa, hakijagusa chochote. Mzee mmoja mchangamfu alikuwa amelala hapo tayari, shati limefunguliwa. Kazi yake ilikuwa kuwaazima wanafunzi tumbo lake, naye aliichukulia kwa heshima kubwa. "Karibu, binti," alisema. "Figo zangu ni nzuri sana, utaziona tu."

Dada wa Picha akamsalimu, akazunguka kitanda kwenda upande wake wa siku zote.

"Wapi huko?" mwalimu aliuliza. "Mashine iko huku. Tunapima kutoka kulia kwa mgonjwa, kwa mkono wa kulia. Wote."

Akarudi. Akakaa. Akaichukua probu kwa mkono wa kulia na kuhisi ameshika kiatu cha mtu mwingine. Mkono ule uliokata vitunguu maisha yake yote bila kumwangusha, leo ulimsaliti. Ukikandamiza unakandamiza kupita kiasi, ukilegeza picha inapotea. Mkono wa kushoto nao ukahangaika juu ya vitufe kama kuku aliyeingia sebuleni. Jasho likamtoka.

"Anza kwa kuchukua picha ya kukingama katikati, chini ya kifua," alisema mwalimu. "Nionyeshe ini."

Alipoisikia sauti ya kuamrishwa, mwili wake ulifanya ulichofundishwa. Alikigeuza kinundu, akakielekeza mbele yake, ng'ambo ya kitanda, kule ulikokuwa ukuta. Akaangalia kioo. Ini lilikuwa upande usio wake. Akafumba macho, akafumbua, bado. Akakumbuka aliwahi kusikia kwamba wapo watu wachache sana duniani wanaozaliwa viungo vyao vimebadilishana pande, na kwa ile hofu aliyokuwa nayo, akaona bora alitaje jambo hilo la ajabu kuliko kunyamaza.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo, "mzee huyu ini lake liko kushoto."

Mzee aliinua kichwa. "Langu?" alisema. "Tangu lini?"

Mwalimu hakucheka, na ingekuwa afadhali angecheka. "Kinundu chako kinatazama wapi?"

"Ukutani."

"Ukuta upi?"

Dada wa Picha aliinua macho. Chumba kilikuwa na kuta nne, zote nyeupe, zote mbali. Akaelewa. Maneno yale matatu hayakuwa somo la altrasaundi; yalikuwa somo la stoo ya mifagio. Mjomba angeweza kumwambia kinundu kitazame kulia kwa mgonjwa, na neno hilo lingefaa kila mahali penye mgonjwa na kitanda. Alimfundisha ukuta. Na ukuta wenyewe ulikuwa mmoja tu ulimwenguni kote, kule kliniki. Uso ukamshuka. Akageuza kinundu, ini likarudi mahali pake, lakini kifuko cha nyongo alichotakiwa kukitafuta baadaye hakukiona kabisa. Mzee alimwambia pole kwa moyo wote, akamhakikishia kwamba wanafunzi wengine huwa hawaoni hata figo.

"Umezoea, lakini umezoea mahali pamoja," mwalimu alisema wakati wa kumsindikiza mlangoni. "Jifunze upya kwa kulia, uje awamu ijayo. Naongea kwa dhati."

Alifika kliniki wakati Mjomba ananawa mikono. Hakumuuliza kama amefaulu. Aligeuza shingo tu, maji yakiendelea kutiririka, akauliza:

"Walikukalisha kulia?"

Dada wa Picha alisimama palepale. Swali lilikuwa dogo, lakini lilibeba kila kitu. Ruhusa ile nyepesi. Lile "kajaribu".

"Kumbe ulijua," alisema.

Mjomba alifunga bomba. Akajifuta kidole kimoja kimoja. "Huko kote wanakaa kulia," alisema.

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia, ungekwenda zako."

Alilisema bila ukali, kama mtu anayetaja majira ya siku. Kisha akatundika taulo na kwenda kumwona mgonjwa aliyekuwa akisubiri. Jioni ile, mezani, Dada wa Picha alimsogezea bakuli na kumwambia, "Karibu, Daktari."

Mkono wa Mjomba ulisita juu ya kijiko. Tangu siku hiyo uchochoro ule ukawa haupo tena. Akawa Daktari sebuleni, Daktari uani, Daktari mbele ya ndugu waliokuja kusalimia na kudhani kwamba ni utani. Ulikuwa ugomvi usio na kelele, na ulimchoma Mjomba kuliko matusi. Naye Dada wa Picha ulimchoma vilevile, ila hakuwa tayari kuukiri.

Kuhusu kitanda, hapakuwa na namna. Chumba kile hakikuruhusu kitanda kugeuka hata inchi moja. Lakini kuna kitu kilichoweza kugeuka, naye alikiona asubuhi moja akitandika: mto. Mto ukihamia mwisho wa pili wa kitanda, mgonjwa atageuza kichwa, na ubavu wake wa kulia utatoka ukutani uje kwake. Akaleta waya wa kuongezea umeme, akaiburuta mashine mpaka upande wa pili ikipiga kelele kwa magurudumu yake, akahamisha kiti, akaweka mto. Mgonjwa wa kwanza alimwambia, "Leo lala kichwa huku, mama." Akashika probu kwa mkono wa kulia.

Ilikuwa kazi. Wagonjwa waliozoea kutoka haraka sasa walikaa mpaka jeli ikakauka. Foleni ikanung'unika. Bibi mmoja aliyekuwa mteja wa siku nyingi alimtazama anavyohangaika, akauliza, "Dada wa Picha, mkono huo leo umeuazima kwa nani?" Kwa kila mgonjwa aliyekuwa na jambo la wasiwasi, alimaliza kwa kulia kisha akamgeuza na kumrudia kwa kushoto, mkono anaouamini, asije akamponza mtu kwa sababu ya shida zake mwenyewe. Alichoka mara mbili kwa kila tumbo.

Kesho yake alipofika, alikuta mto umerudi mahali pake pa zamani. Mashine nayo imerudi kwenye kona, waya umekunjwa vizuri na kufungwa kwa kamba. Hakuuliza. Akahamisha tena. Kesho yake umerudi tena. Ikawa ndiyo ratiba: yeye anahamisha asubuhi, Daktari anarudisha jioni, na wakikutana kwenye korido wanazungumzia hali ya hewa. Dada wa mapokezi, mwanamke mwenye mdomo usiojua kupumzika, aliapa kwamba kliniki ina mto wenye miguu na akataka uandikishwe kama mfanyakazi.

Mambo yakaenda hivyo. Mkono wa kulia ukaanza kupata akili. Figo aliziona. Bandama akaiona. Watoto tumboni akawaona wakimpungia. Kifuko cha nyongo tu ndicho kilichomshinda, kile kile cha mtihani. Kila akikifikia kinateleza nyuma ya mbavu na kumwacha akikodolea giza. Bila kifuko hicho asingefaulu, na bila kufaulu angebaki kwenye kile kiti. Alikuwa akiota ndoto za kifuko cha nyongo, jambo ambalo hata mwenyewe alijua si la kumsimulia mtu.

Kisha Mjomba akaanza kuugua. Alijificha, kama kawaida ya madaktari. Akila tu chakula chenye mafuta, anashika ubavu wa kulia na kuinamia meza akijifanya anasoma. Dada wa Picha aliona, akapunguza mafuta kwenye mboga bila kusema. Mpaka asubuhi moja alimkuta amekaa kwenye benchi la wagonjwa, koti jeupe mapajani, uso umepauka. Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana yake.

"Nipime," alisema.

Wakaingia kwenye kile chumba, wakabana matumbo, mlango ukafungika. Mto ulikuwa kule kule alikouweka Mjomba jioni iliyopita, kwenye kona yake, upande wa mkono wake wa shoto. Dada wa Picha alisimama akingoja. Hakutaka kumsumbua mgonjwa kwa ugomvi wa mto. Alikuwa tayari kumpima kwa kushoto na yaishe, kwa sababu huyu hakuwa wa kufanyiwa mazoezi.

Mjomba aliutazama mto. Akauinua kwa mikono miwili, taratibu, maumivu yakimkunja, akaupeleka mwisho wa pili wa kitanda. Akaupiga kidogo ukae vizuri. Kisha akalala, kichwa huko, ubavu wa kulia kwa binti yake.

Dada wa Picha akahamisha kiti. Akaiburuta mashine, akachomeka waya, akakaa. "Jeli ni ya baridi," alisema.

"Najua kwamba ni ya baridi. Mimi ndiye niliyekufundisha kumwambia mgonjwa hivyo."

Akaweka probu chini ya mbavu, kwa mkono wa kulia. Kinundu hakikutazama ukutani. Giza, kisha ini, kisha giza tena. Akamwomba avute pumzi na kuishika. Akainamisha probu kidogo, akangoja. Huko nje dada wa mapokezi alisikika akimtuliza mtu kwamba zamu yake imekaribia.

"Awamu nyingine ni lini?" Mjomba aliuliza, macho yakiwa darini.

"Mwezi ujao."

"Ukinipata vizuri na mkono huo, utafaulu."

"Nitafaulu."

"Halafu utaondoka."

Dada wa Picha aliutazama uso ule aliouamkia tangu utotoni, ukiwa umeelekea dari, mdogo kuliko alivyoukumbuka. "Ndiyo, Mjomba," alisema.

Lilikuwa limetoka lenyewe, mle ndani ya kliniki, mahali ambapo hakuwahi kulitamka. Mjomba alifumba macho. Kifua chake kikashuka.

"Basi tafuta taratibu, mama," alisema. "Usiwe na haraka."

Kwenye kioo, kifuko cha nyongo kilikuwa kimetulia muda mrefu sasa, safi kama kilivyochorwa vitabuni, vijiwe vimelala ndani yake na kivuli chao nyuma. Alikuwa amekiona tangu pumzi ile ya kwanza.

"Natafuta, Mjomba," alisema, na mkono wake haukusogea.